Kigelegele cha Mayasa

Bwana harusi alipofika mlangoni, wanawake wote walimgeukia Mayasa, mdogo wake bibi harusi, kwa kuwa kigelegele cha kwanza kilikuwa chake. Mayasa akashika shavu. Tangu afungwe waya za meno, kiungo cha taya kilikuwa kikimuuma kutwa kucha, na kila akipanua kinywa kilialika, ta, karibu na sikio.

"Anamwonea kijicho dada yake," Shangazi Kibibi alisema kwa sauti, akibinua midomo. "Ati taya! Meno yetu sisi yaliota yenyewe, hatukuyafunga waya kama banda la kuku."

Wenzake wakacheka, vinywa vimejaa sambusa. Mayasa aliwatazama wanavyotafuna ovyo, akawadharau mmoja mmoja. Basi akapanua kinywa chote. Kiungo kikaalika, taya likakwama hapo hapo. Sauti haikutoka.

Wala hawakuisubiri. Walidakia vigelegele mpaka mabati yakatetemeka.

"Si mnaona kinywa kinafunguka?" Shangazi akapiga makofi. "Alikuwa anaringa tu!"

Wakamfuata bwana harusi ndani. Mayasa akabaki mlangoni, kinywa wazi, waya zikimetameta, mate yakimdondokea kwenye gauni jipya.