Kaya ya Kulinganishia

Kila kijiji cha Rungwe kilikuwa na kaya moja ya kulinganishia, iliyokatazwa mbegu mpya na ushauri wa kilimo, ili watafiti waone mbinu mpya zimewafaa wengine kiasi gani. Kijijini kwao kura ilimwangukia mjane Tusekile. Jirani aliyemdokeza jambo lolote la shamba alihesabiwa kuwa ameharibu utafiti, akanyimwa mbegu. Watu wakaacha kumtembelea, wasije wakateleza ulimi.

Viazi vyake viliponyauka, mdogo wake Subilaga alisimama njiani akayatazama majani. Machozi yalimlengalenga, akapita.

Hatimaye mtafiti alikuja kuaga. "Mama, umetusaidia sana. Sasa uko huru, kura imeangukia kaya nyingine."

Tusekile alijitanda khanga, akaenda moja kwa moja kwa Subilaga. Alikuta wanawake wanapukuchua mahindi huku wakibishana kuhusu mbolea. Walipomwona, wakanyamaza.

"Karibu, dada," alisema Subilaga. "Umeamkaje?"

"Nimeachiliwa. Endeleeni tu na mazungumzo yenu."

Wakatazamana. Mmoja akasema leo kuna baridi. Wote wakakubali kwamba kuna baridi, kisha wakaendelea kupukuchua kimya.