Mwendo wa Anayekusubiri

Siku hizi ukishaingia barabara kuu, mguu wako hauna kazi. Mwendo wa gari anaupanga yule anayekusubiri nyumbani, kwa simu yake, maana serikali inasema ndiye mwenye uchungu na maisha yako.

Shekue alikuwa anarudi Korogwe kutoka Dodoma, na mkewe Mwanahawa alikuwa amempangia sitini. Malori ya saruji yalimpita. Hata basi la shule lilimpita. Akakanyaga mafuta kwa hasira, akijua ni bure, kisha akapiga simu.

"Mama Zuhura, barabara nyeupe kabisa. Nipe mia basi, zabibu zako zinaharibika humu ndani."

"Usalama kwanza, baba Zuhura."

"Mbona Mhina wa kazini mkewe anampa mia na kumi?"

"Labda mkewe ana hamu naye."

Nyuma ya sauti yake redio ilikuwa juu na watoto walikuwa wanacheka, kicheko kirefu ambacho Shekue hakuwahi kukisikia akiwa nyumbani.

"Kuna wageni hapo?"

"Hapana. Ni sisi tu."

Simu ikakatika. Kwenye dashibodi, sitini ikaanza kushuka taratibu, ikatulia kwenye arobaini.