Rudini Nyuma

Pigo la kwanza lilimpata Kufuli mdomoni. Lilitoka kwa mpiga pasi, mwanamke mwenye mikono minene kama mitwangio, na lilimng'oa msimamizi yule meno ya mbele kabla hajamaliza neno alilotaka kulisema. Akayumba, lakini hakuanguka. Aliuegemea mlango kwa mgongo, ufunguo ukiwa ndani ya ngumi.

"Fungua," alisema mshona kola.

Kufuli alitikisa kichwa. Damu ilimchuruzika kidevuni.

Moshi ulikuwa ukipanda kutoka ghala la chini, ukipenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya darini. Umeme ulikuwa umekatika, cherehani zimenyamaza, na wanawake wote wa ghorofa ile walikuwa wamesongamana mbele ya mlango mmoja wa chuma. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Walikuwa wameugonga mlango ule kwa ngumi na kwa viti, hadi ukafunguka ghafla. Kabla mtu hajainua mguu, Kufuli alipenya kwa ubavu kutoka nje pamoja na wingu la moshi, akaubamiza mlango nyuma yake, akazungusha ufunguo.

Jina hilo walimpa wenyewe. Kila asubuhi aliwafungia ndani, wasije wakatoka na fulana chini ya gauni au wakapoteza muda uani. Walikuwa wakitaniana kwamba hata ndoto zake huzitia komeo. Aliyesimama bila ruhusa aliambiwa neno moja tu: "Rudi."

Juma lililopita mdogo wake mshona kola, aliyekuwa na mimba changa iliyomsumbua, aliomba kwenda chooni. "Rudi," akaambiwa. Akarudi, akajikojolea kitini, na mguu wake haukuacha kukanyaga mashine. Dada mtu aliyaona yote kwa macho yake. Aliyameza, kama wote walivyozoea kuyameza.

Sasa mdogo wake huyo alikuwa amelala sakafuni, kichwa juu ya fungu la mikono ya mashati, akikohoa na kutema mate meusi.

"Shehena inaondoka leo," mtu alisema katikati ya kundi. "Amekuja kulinda nguo za tajiri. Sisi tukifa, watatafuta wengine."

Kufuli aliinua mkono, akanyoosha kidole juu ya vichwa vyao kuelekea mwisho wa ukumbi. Midomo ilikuwa imevimba na sauti imekauka kwa moshi.

"Rudini," alisema. "Rudini nyuma."

Neno lile ndilo lililommaliza.

Mshona kola alimkita mkasi begani hadi kwenye mpini. Kisha wakamvamia wote. Walimpiga kwa miguu ya viti, kwa rula za mbao, kwa visigino vya viatu. Mwanamke mmoja wa kukunja nguo, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimkaripia hata paka, alimng'ata sikio na hakuliachia mpaka likaachia lenyewe. Kufuli akapiga magoti. Hata hapo hakuubandua mgongo mlangoni, na ngumi haikufunguka.

"Lete pasi," alisema mshona kola.

Ilikuwa bado ya moto. Mpiga pasi aliibandika juu ya ngumi ile, akaikandamiza kwa uzito wake wote kama anayenyoosha mkunjo sugu. Harufu ikapanda. Kufuli alilia kilio chembamba ambacho hawakudhani kinaweza kutoka kwa mtu kama yeye, na vidole vikaachia kimoja baada ya kingine. Kiganja nacho kilikuwa kimebabuka hadi kwenye nyama, ndani, mahali ambapo pasi haikufika. Lakini nani alikuwa na haja ya kukitazama kiganja cha Kufuli?

Mshona kola aliuokota ufunguo, akamwendea mdogo wake na kumtia mkono kwapani.

"Inuka, mama. Tunakwenda nyumbani."

"Dada, subiri," alisema mdogo mtu. "Huko nyuma, stoo, kuna kitu kinagonga. Husikii?"

"Vyuma hivyo, vinapasuka kwa joto. Inuka, nishike shingoni."

Walimkamata Kufuli miguu, wakamburuta pembeni. Shati lake lilichanika mgongoni, na kipande kikubwa kikabaki mlangoni, kimenata kwenye chuma. Alijiviringisha, akatambaa, akamshika mshona kola kifundo cha mguu. Alikuwa anasema jambo, lakini kilichotoka ni mapovu mekundu.

Mshona kola alimpiga teke la uso. Mkono ukaachia.

"Hili ni la mdogo wangu," alimwambia, akampiga jingine.

Wanawake walijipanga nyuma yake, wengine wakibebana, wengine wakiwa wameshikana mikono. Mmoja alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Mshona kola alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo ambao alishasahau kuwa anaubeba. Alimwegemeza mdogo wake kifuani, akatia ufunguo, akauzungusha, akauvuta mlango kwa nguvu zake zote.

Moto uliokuwa umejaa ngazini ukaingia kwa mngurumo.

Na nyuma kabisa ya ukumbi, ndani ya stoo ya vitambaa, nondo za dirisha zilianguka sakafuni kwa kishindo, na sauti ya mlinzi wa lango ikaita:

"Mkubwa, tumeshazing'oa, na ngazi iko tayari. Haya, walete."