Shingo Tupu

Kipimo kilipita shingoni mwa Wening kwa mara ya tatu, na mafuta yake ya baridi yakamchuruzika hadi kwenye kola.

Saa nne asubuhi hiyo angekatwa kivimbe kilichoota kwenye shina la ulimi. Picha ya shingo ilikuwa utaratibu tu.

"Umepoteza nini humo, mama?" aliuliza.

"Tezi yako ya thairoidi," alisema mpiga picha, macho kwenye skrini. "Makao yake ni hapa, lakini sioni kitu."

"Waulize wenzangu wa bweni. Pale pesantren, shule yetu ya dini, wanaiba hata chupa ya pilipili ya sambal."

Mpiga picha hakucheka. Alisogeza kipimo chini ya kidevu, akatulia.

"Nimeiona. Hicho kivimbe ndiyo tezi yenyewe, mwanangu. Haikushuka shingoni ulipokuwa tumboni. Huna nyingine, na wakiikata utameza vidonge mpaka kufa."

"Daktari anajua?"

"Bado."

Mlango ulifunguliwa. Daktari wa upasuaji aliingia akivaa glavu, akainama kitandani.

"Haya, binti, fungua mdomo nikiangalie mara ya mwisho."

Wening aliufumba, kwa heshima zote.