Hodi kwa Kipusa

Kipusa, mbuzi wa Bi Sikudhani, hakuwahi kuguswa na kisu. Kila mwezi Sikudhani alimkwangua ngozi nyuma ya sikio, kipande kidogo kama punje ya mtama, akakitia kwenye mtungi wa kukuzia nyama uliokuwa jikoni. Baada ya siku tisa alipakua kilo sita za nyama laini, na mafuta yake. Siku hizo hakuna aliyekula nyama kwa njia nyingine. Kuchinja kulikuwa kosa la jinai.

Kwa miaka kumi na minane mbuzi huyo mmoja alilisha harusi na arobaini za mtaa mzima, huku mwenyewe akizurura na kutafuna kanga za watu kwenye kamba. Na kila aliyeshiba alikwenda bandani, akapiga hodi, akamwambia asante. Hilo ndilo Sikudhani alilojivunia: watu walikula nyama na bado waliweza kumtazama mbuzi machoni.

Alhamisi Kipusa akafa kwa uzee. Wakamzika kwa heshima, wanaume wazima wakipenga kamasi.

"Mama, wageni wote hawa watakula nini?" binti yake, Rehani, akauliza.

Sikudhani akafunua mtungi. Nyama ya Kipusa ilikuwa imekomaa, tayari kukatwa, bado ina joto.

Wakala pilau, wakamsifu marehemu. "Ladha yake ni ile ile," jirani akasema huku analia.

Kisha, kwa mazoea, wakajipanga mbele ya banda tupu kushukuru. Sikudhani alisimama nao kidogo, akageuka, akarudi jikoni peke yake, akaupigia hodi mtungi.