Upinde Laini

Asubuhi ile binti alikuwa anakoroga gundi kwenye kopo la maziwa, na kila kijiti kilipogonga bati, moyo wake nao ulikuwa unagonga.

"Taratibu, hufukuzwi," Baba alisema.

Zamani gundi alikuwa anachanganya Baba mwenyewe. Lakini tangu mwaka jana mikono yake imeanza kutetemeka, kama ya mtu aliyetoka kuoga maji ya baridi. Leo alijaribu kumimina, nusu ikaishia kwenye kandambili zake. Akampa binti yake kopo.

Juu ya meza ya useremala kulikuwa na kalibu, ubao mnene uliokatwa kwa umbo la upinde na kuvishwa nailoni ili gundi isiung'ang'anie. Pembeni vililala vipande vinne vya mbao, vyembamba kama rula. Vikipakwa gundi, vikapandanishwa na kubanwa kwenye kalibu, jioni vinatoka upinde mmoja.

Upinde wa kesho.

Kesho uwanja utajaa. Mmoja anasimama mbele ya ukuta wa mbao na puto kichwani, mwingine anavuta upinde kutoka mbali. Puto likipasuka, watu wanashangilia mpaka sauti zinakauka. Miaka yote walikuwa Baba na Kaka. Mwezi uliopita, onyesho lilipoisha tu, Kaka alipanda basi bila kuaga, na mpaka leo hajarudi. Sasa nafasi yake imebaki kwa mdogo wake. Mama hataki hata kusikia. Siku za onyesho huenda kwa dada yake na simu anazima.

"Simama wima," Baba alisema.

Akachukua kipande kimoja cha mbao, akakisimamisha ubavuni kwa binti yake, kutoka kwenye kidole cha mguu hadi kwenye paji la uso. Akaweka alama ya penseli.

Jirani yao, fundi wa kuchomelea, akachungulia dirishani. "We Fundi! Mtoto unampima jeneza?"

"Kaungue midomo huko!" Baba akacheka.

Yeye hakucheka. "Baba," alisema. "Na mshale ukienda pembeni?"

"Hauendi. Wewe usipepese macho tu. Na pumzi usiishushe mpaka usikie puto." Baba akavuta kofia yake ya sufu ikafunika masikio, ingawa jua lilishaanza kuchoma bati. "Ule wa zamani mgumu, unatetemesha mkono. Huu utakuwa laini. Mkono ukitulia, na mshale unatulia."

"Si tuahirishe?"

"Matangazo yamebandikwa mpaka mlangoni kwa kinyozi, mwanangu. Nitawaambia nini watu?"

Akaiangalia mikono ya Baba. Akauangalia na ule ukuta wa mbao, umeegemezwa uani, umechorwa mtu kwa chaki. Mrefu, mabega mapana, hana uso.

Mteja akaita nje, anauliza mlango wake umefikia wapi. Baba akatoka kwenda kumbembeleza.

Mezani kulikuwa na kichupa cha dawa ya kukazia. Bila hiyo dawa, gundi inabaki uji. Ilitakiwa kifuniko kizima. Yeye akadondosha matone mawili, akaficha kichupa nyuma ya randa, akakoroga haraka haraka huku masikio yako mlangoni. Upinde usiposhika, hakuna onyesho. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Baba aliporudi wakapaka, wakapandanisha, wakafunga vibanio vya chuma.

"Kaza. Kaza tena. Una mkono mzuri wewe, kumbe!"

Wakaanika juani. Mchana kutwa alikaa kizingitini na kitabu cha jiografia, anasoma mstari ule ule.

Jioni Baba akafungua vibanio kimoja kimoja, huku anapiga mluzi. Alipofungua cha mwisho, mluzi ukakatika. Mbao ziliteleza zikaachana, gundi ikavutika katikati yake kama kamasi.

Binti alijikunja, akasubiri kofi.

Baba alinusa kidole chake. "Gundi mbovu," akasema. "Wale dukani wezi kabisa."

Yeye akainua uso. "Kwa hiyo kesho hakuna?"

"Nani kasema?" Baba akapanda stuli, akanyoosha mkono juu ya kabati, akaushusha upinde wa zamani. Akapuliza vumbi. "Si tunao huu?"

"Lakini ulisema unatetemesha mkono!"

"Leo tutakula vizuri, tutalala mapema. Mkono utakuwa na nguvu." Akamshika bega. Kiganja chake kilikuwa kinacheza pale begani kama simu inayoita. "Acha woga, mama. Hata kaka yako alianza hivyo hivyo."

Binti alikimbia mpaka nyuma ya tangi la maji, akachuchumaa na simu yake. Alikosea herufi mara nyingi, akafuta, akaandika upya, akatuma:

"Kaka rudi. Baba anataka nitumie ule upinde wako. Nimewahi kuuvuta, mkono wote unacheza. Wewe unauweza na bado ulimkata sikio, kidonda anakifunika na kofia. Kesho saa nne anasimama tena na puto. Njoo upige wewe. Mimi nitamuua."

Tiki mbili. Zikageuka buluu.

Juu ya skrini ikatokea "anaandika". Ikapotea. Ikatokea tena.

Ndani, Baba alikuwa anajaribu maputo, anapuliza na kucheka peke yake. Simu ikabaki kimya.