Jina Lake kwenye Lokole

Pigo la kwanza la panga halikuacha hata alama ya maana. Mti wa lokole, ngoma ya kupeleka habari, ulikuwa mgumu kama mfupa wa kiboko. Faustin akainua tena panga, safari hii kwa mikono miwili.

"Toka apo, papa."

Mzee Léon hakutoka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya lile gogo lililochongwa tupu ndani, fimbo mbili mikononi, moja ikigonga upande wenye sauti nzito, nyingine upande wenye sauti nyembamba. Aliendelea kupeleka maneno yake mtoni.

Panga liliposhuka mara ya pili, lilikata kifundo cha mkono wa kulia wa mzee. Lokole likanyamaza.

Ugomvi ulianzia kwa mama. Colette alikuwa amemwaga chupa ya lotoko, pombe kali, ya mwanawe, naye Faustin akampiga kwa mchi wa kutwangia majani ya sakasaka hata akatema meno. Mzee Léon alimtoa nje mtoto wake, mwanamume mzima mwenye ndevu, akafunga mlango. Alimwambia neno moja tu kupitia dirishani: "Siku lotoko itaisha ndani yako, utarudi." Kisha akaketi kwenye lokole, akapiga asubuhi na jioni.

Kama kila mtoto wa Kilokele, watu wa mtoni, Faustin alipewa jina la kupigwa kwenye lokole alipozaliwa, na hilo alilitambua popote. Maneno mengine ya lokole hakuyajua. Alikulia shule ya misioni, halafu kazi ya bandarini hapa Kisangani. Kwa hiyo, akinywa kwa Yakubu, mtu wa Maniema aliyeuza lotoko nyuma ya soko, alisikia jina lake likirudiwa na kurudiwa bila kujua linafuatwa na nini.

Yakubu naye hakujua, ila alipenda mzaha. "Sikia, Faustin. Papa yako iko nakuuzisha ku watu yote ya mayi. Bon, kesho ni askari, fimbo ku boloko."

Wanywaji walicheka. Faustin akaenda kutafuta panga.

Sasa alikimbia hadi ufukweni, kilio cha mama yake kikimfuata mgongoni. Akamsukuma majini mtu mwenye mtumbwi, akauteka, akapiga kasia kufuata mkondo. Kwenye gati la kwanza, wavuvi walimwita kwa jina na kumtupia samaki waliokaushwa. Aliomba lotoko. Wote walitikisa kichwa, hata wale waliokuwa wakiinywa. Faustin akaelewa: wamekwisha kuambiwa, wanamchelewesha hadi askari wa Bula Matari, serikali ya wazungu, wafike. Akawatishia kwa panga, akasukuma mtumbwi.

Jua lilipozama alifika kambi ya tonton Lambert, mdogo wa baba yake. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Sahani ilikuwa imefunikwa kwa jani la mgomba.

"Tulikuwa tunakungojea," alisema tonton.

Faustin alimpiga ngumi ya uso, akamfunga mikono kwa kamba ya wavu, akaketi mlangoni akitetemeka kwa kiu ya pombe hata usingizi ukamwangusha.

Alfajiri alishtushwa na lokole kutoka upande wa mjini. Jina lake tena. Basi baba amekufa, na sasa mtu mwingine anawatangazia watu wa mtoni kwamba mwuaji ni yeye. Alimrukia tonton, akaweka panga shingoni mwake mpaka damu ikachirizika.

"Iko nasema nini? Ukinidanganya, ninakukata."

Tonton Lambert alifumba macho. Alisikiliza, akawa anatafsiri vipande vipande, kadiri sauti zilivyofika.

"Faustin, mutoto yangu, iko nakuja kwenu. Mumupe chakula. Mumupe mukeka. Lotoko, musimupe hata akilia. Kama anawapiga, mumufunge kamba, lakini musimutoe kwa askari. Mimi nilimufungia mulango. Ninyi mufungue."

Panga lilianza kuteleza mkononi mwa Faustin.

"Ni maneno yale yale ya jana na juzi," alisema tonton. Alikunja uso, akageuza sikio vizuri zaidi kuelekea mtoni. "Lakini leo iko anachelewa sana. Faustin, mbona ndugu yangu anapiga na mukono moja?"